Roland TD-17: sauti mia tatu, nami natumia kumi na moja

"Hii ya shemeji au ya mtoto, dada?"

Kijana wa duka la dramu za umeme, huko Kariakoo, aliuliza bila ubaya wowote. Nikamwambia ni yangu, nikavua ndala, nikakaa. Hakunipa hata nafasi ya kushika vijiti. Alinivalisha hedifoni, akaanza kuzungusha kitufe, seti moja ya sauti baada ya nyingine, na kila seti akaigonga snea mara moja tu kwa nguvu zake zote. Pwaaa. Inayofuata: pwaaaaa. "Unaisikia hiyo? Uwanja wa Taifa kabisa!"

Hakukosea, ilikuwa Uwanja wa Taifa. Ila mimi sipigi Uwanja wa Taifa. Mimi napiga kwenye kumbi za harusi, Sinza, Tabata, Mbezi, kumbi za paa la bati na sakafu ya vigae, ambako mwangwi unagawiwa bure mlangoni pamoja na soda. Nikamshukuru, nikavaa ndala zangu, nikaondoka.

Hii Roland TD-17KVX, seti ya dramu za umeme ninayoiandika, niliipata baadaye kabisa, mkononi, kwa mwanamuziki aliyekuwa anahama mji. Nililipa hela ambayo wengine wangenunulia bodaboda, na mama yangu mpaka leo anaamini ningenunua bodaboda. Nina miezi minane nayo. Nimeipiga harusini, nimeipigia mazoezi usiku chumbani, nimeifungua na kuifunga mara nyingi kuliko ninavyokunja kitanda cha mtoto.

Kabla yake nilikuwa na seti nyingine ya bei nafuu. Kampuni siitaji, na sina kesi nayo, lakini ile seti ndiyo iliyonifundisha nini cha kutafuta. Kwenye boksi iliandikwa sauti nyingi ajabu. Siku ya kwanza nilikaa nazo mpaka saa saba usiku nikizipitia zote, na kufika asubuhi nilikuwa nimepata snea mbili zinazovumilika. Nyingine zote zilikuwa ndugu wa tumbo moja: ileile imekazwa kidogo, ileile imelegezwa, ileile imemwagiwa mwangwi. Kilichoniudhi zaidi ni kubingirisha vijiti. Kwenye snea ya kweli hakuna mapigo mawili yanayofanana. Mkono wa kushoto una sauti yake, wa kulia una yake, na pigo dogo halitoi sauti ya pigo kubwa lililopunguzwa, linatoa sauti nyingine kabisa. Ile seti ilikuwa na rekodi chache mno kwa kila ngoma. Ukibingirisha unasikia kitu kilekile kinarudiwa, tatatatata, kama cherehani ya fundi wa Mtaa wa Kongo wiki ya Idi. Halafu jioni moja nimekaa saa mbili nzima kuzipanga sauti zangu vizuri, umeme ukakatika, na kila nilichopanga kikaenda nao.

Kwa hiyo ukienda dukani usikubali kugongewa. Vaa hedifoni mwenyewe, tafuta seti iliyopoa kuliko zote, kisha piga snea polepole, kwa ncha ya kijiti, kama unayebisha hodi kwa mgonjwa. Panda taratibu mpaka pigo la nguvu. Kama sauti inabadilika rangi njiani, endelea kuongea bei. Kama inaongezeka kelele tu, rudi nyumbani. Moduli zote hizi, yaani visanduku vinavyotoa sauti, hupima nguvu ya pigo kwa namba, 1 mpaka 127 kwenye MIDI, lugha ya vyombo vya umeme, lakini kuhesabu mpaka 127 si sawa na kuwa na la kusema kwenye kila namba.

TD-17 ilitoka mwaka 2018. Mfumo wake wa sauti umerithiwa kutoka kwa kubwa lao la wakati ule, TD-50. Ilitoka kiwandani na seti 50 zilizopangwa tayari, na sauti zaidi ya 300 ukizihesabu mojamoja. Ninazozitumia mimi ni kumi na moja: kiki (ngoma ya mguu) mbili, snea mbili, haihati (matoazi ya kanyagio) moja, tomu mbili, matoazi mawili ya krashi na raidi, na mbili ambazo hazikuja na Roland, nitazifikia. Sijisifu kwa uchache huo. Nilianza na seti ishirini nilizozipa majina, nyingine majina ya aibu, nikajikuta katikati ya wimbo nazungusha kitufe kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuzima mwangwi. Seti za kiwandani zimepakwa chumba: ukumbi wa zege, kanisa kubwa, studio ya mbao. Kwenye hedifoni unajiona uko mbali sana na Sinza. Ukiipeleka sauti hiyo kwenye spika mbili za ukumbi wa bati, mwangwi wa moduli unakutana na mwangwi wa bati, na kiki inageuka uji. Zima kabisa, sikiliza ngoma ikiwa kavu, mbaya, kama imewekwa chumbani kwako bila pazia. Ndipo uchague. Snea inayopendeza ikiwa kavu itapendeza popote. Ile inayohitaji kanisa ili isikike vizuri, iache huko kanisani.

Kiki ilinichukua wiki tatu. Nilianza na ile iliyonitetemesha kifua kwenye hedifoni, ya inchi 24, nzito, yenye mkia mrefu. Harusi ya kwanza, mpiga besi wetu akanigeukia katikati ya wimbo wa pili na macho ya mtu aliyekanyagwa. Muziki wa dansi besi haikai kimya. Inatembea, inaongea, inaruka, na nafasi anayoachiwa mpiga dramu pale chini ni ndogo kama siti ya katikati ya daladala. Mkia wa kiki yangu ulikuwa umekaa kwenye nafasi yake. Nikarudi nyumbani nikachukua kiki ndogo zaidi, nikaikaza ngozi kidogo, nikaifungia kama vile nimeitia blanketi tumboni. Moduli inakupa kufanya yote mawili kwa kitufe, na kweli unasikia tofauti ya ngozi, si kwamba sauti imekatwa kwa kisu. Kwenye hedifoni ilikuwa ya kuchosha kabisa, dup, dup, kama mtu anapiga mto. Ukumbini ikatoka imenyooka, kila pigo linajulikana lilipoanzia na lilipoishia. Mpiga besi hakusema kitu, na kwa mpiga besi hiyo ndiyo pongezi.

Tangu hapo sichagui sauti yoyote kwa hedifoni peke yake. Nina spika moja ya zamani, ya kusukuma barazani, naipigia humo kabla sijaamua.

Na haihati. Dansi ya hapa inaishi kwenye haihati. Wimbo ukifika kwenye chemko, mguu wa kushoto ndio unaofungua mlango. Hapa KVX imenifurahisha kuliko nilivyotegemea, kwa sababu haihati yake inakaa kwenye stendi ya kweli, inapanda na kushuka, na kuna sauti za nusu wazi za kutosha kati ya kufunga na kufungua. Ila ukishaihamisha lazima uipime upya, kuiambia moduli hapa ndipo pa kufunga na hapa ndipo pa kufungua. Dakika tano. Usipofanya, nusu wazi inalia kama imefungwa, na chemko linapoa kama chai ya msibani. Sauti yenyewe ya haihati sikuigusa karibu kabisa. Niliishusha kidogo tu, maana za kiwandani zote zinang'aa kupita kiasi, na tayari kwenye kila ukumbi kuna spika moja iliyopasuka inayoongeza mng'ao wake.

Tomu na matoazi sina la kusema. Ni nzuri. Tomu nililegeza kidogo, basi.

Kuna jambo la kiufundi ambalo fundi mitambo yeyote atakulalamikia: moduli hii ina matundu mawili tu ya kutolea sauti, kushoto na kulia. Hawezi kuichukua kiki yako peke yake kwenye mikisa akaifanya anavyotaka. Chochote ulichompa ndicho atakachopeleka kwa watu. Fundi wetu alinuna. Mimi nimeipenda, kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikipiga sauti moja na watu wanasikia nyingine, snea yangu ikiwa kwenye mikono ya kijana anayeangalia simu. Sasa nasawazisha ngoma kwa ngoma nyumbani, namkabidhi nyaya mbili, namwambia, "Kaka, panda au shuka, usipinde." Lakini kama bendi yako ina fundi mwenye sikio kuliko lako, hili ni pungufu la kweli, na utalijutia.

Singeli ilinitia adabu. Harusi siku hizi, saa sita ikishapita, MC lazima aiite, na vijana hawataki kusikia kwamba nyie ni bendi ya dansi. Muziki uliokulia Manzese na Tandale unapita mapigo 200 kwa dakika bila kutokwa jasho. Kwenye 240, pigo zima ni robo sekunde. Ukiligawa mara nne, kati ya kijiti na kijiti kuna milisekunde 62 hivi. Siwezi kukaa humo, mkono si mashine, lakini vipande vifupi nafika. Nikawa naona mapigo yanapotea. Nilidhani ni mimi, umri. Kumbe kwenye mipangilio ya pedi, zile sehemu za kupiga, kuna kizuizi cha muda, kimewekwa ili kijiti au nyundo ya kiki ikidunda bila wewe kukusudia, moduli isihesabu pigo la pili. Mimi mwenyewe, siku za mwanzo, nilikuwa nimekipandisha mpaka juu bila kuelewa nagusa nini. Kikiwa kwenye milisekunde 64, hesabu unaiona: kila pigo la pili linaliwa. Nikakishusha, mapigo yakarudi, na umri wangu ukarudi nyuma kidogo.

Sauti za singeli nazo zinataka vitu vifupi. Snea ya dansi, yenye tumbo na waya unaochezacheza chini, ukiiingiza mwendo ule mapigo yanakanyagana. Snea yangu ya pili ni ya huko: imekazwa mno, imefungiwa mno, karibu ni kofi. Sikuitafuta kwenye zile mia tatu. Ni ileile ya kwanza niliyoitesa. Jamaa mmoja kwenye bendi anaiita "kigae".

Sasa zile mbili ambazo hazikuja na Roland.

Mji huu bendi zake mbili kongwe watu wanaziita kwa majina ya ngoma za Kizaramo. Msondo, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Sikinde, yaani Mlimani Park, tangu 1978. Ukikulia Dar, hata kama hujawahi kuiona ngoma yenyewe, jina unalo mdomoni. Halafu unawasha chombo chenye sauti zaidi ya mia tatu, na humo hamna msondo. Sikutegemea iwemo. Hamamatsu, mji wa Roland huko Japani, si Kisarawe. Ila TD-17 ina kitu ambacho ndugu yake mdogo TD-07, wa mwaka 2020, hana: inapokea sauti zako mwenyewe kwa kadi ndogo ya kumbukumbu. Kwangu hii ndiyo sababu pekee ya kulipa tofauti ya bei. Kama hutaitumia, chukua TD-07, ina sauti 143 na zinatosha mtu yeyote mwenye akili timamu.

Nilimfuata mzee wangu Magomeni. Ndiye aliyenifundisha tumba nikiwa binti wa shule, kabla sijahamia kwenye dramu, na kuhama huko hajanisamehe. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta ile redio yako ya kupiga?"

Hivyo ndivyo anavyoiita.

Alikataa kurekodiwa papo hapo. Ngozi imelegea, akasema, tazama mawingu. Kweli ilikuwa Aprili, hewa ya kukamua. Akatafuta spana, akakaza kidogo hapa, kidogo pale, akaligeuza tumba likaota jua dogo lililokuwepo, tukanywa chai. Tukaanza karibu saa tatu. Alipiga wazi mara kumi, kofi mara kumi, mimi nimeshika kinasa kidogo nilichoazima, na kila tukipata zuri inapita bodaboda. Jirani akawasha redio. Muuza mkaa akapita. Tukapata matatu safi ya wazi na manne ya kofi.

Kama utafanya hivi, niokoe muda wako. Simu nyingi huhifadhi sauti kwa mfumo ambao moduli haiusomi. Inataka WAV ya 44.1 kHz, kwa hiyo badilisha kwanza kwenye kompyuta. Na ukate mwanzo wa rekodi mpaka pale hasa ngozi inapoguswa. Mimi niliacha nafasi ndogo tu ya ukimya, isiyoonekana kwa macho, nikapiga nikahisi pedi inanichelewesha, kama mtu anayejibu salamu akiwa amegeukia pengine. Nilihangaika na mipangilio siku nzima. Tatizo lilikuwa ukimya huo.

Nikamletea redio yake asikilize. Nilikuwa nimeongeza pedi moja ya ziada, tundu lipo nyuma ya moduli, nikaiweka tumba la wazi juu ya ngozi. Alivaa hedifoni juu ya kofia. Akapiga kwa kiganja, pedi ikakoroma tu. Nikapandisha usikivu wake, akapiga tena. Akatabasamu. Kisha akapiga polepole, kwa vidole, akavua hedifoni.

"Hili tumba lina hasira."

"Kivipi mzee?"

"Nimeligusa taratibu, limejibu kwa sauti ileile ya ugomvi, ila kutoka chumba cha pili. Ngozi haisemi hivyo, mwanangu. Ukiibembeleza inabadilisha maneno."

Hakuna mhandisi angeweza kulieleza vizuri zaidi. Sauti za Roland zenyewe zinabadilika rangi kadiri unavyopiga. Sauti unayoingiza wewe ni rekodi moja, na nguvu ya mkono inaongeza au kupunguza ukubwa wake tu. Dawa kamili ya hilo sikuipata. Nilichofanya ni ujanja: pedi ina sehemu mbili, ngozi na ukingo, na kila moja inakubali sauti yake. Nikaweka wazi kwenye ngozi, kofi kwenye ukingo. Si kubembeleza, lakini angalau tumba lina maneno mawili. Mzee akapiga zamu zake, wazi, wazi, kofi, na kwa nusu dakika hivi alisahau kunikosoa.

Wapo wanaosema achana na hayo yote, chomeka waya wa USB, tumia programu ya dramu kwenye kompyuta, humo kila ngoma ina mamia ya rekodi. Nimefanya, kwa kurekodi nyumbani, na ni tamu sana. Weka akiba ya sauti, ile ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa, kwenye sampuli 128, ucheleweshaji wake hauzidi milisekunde 3. Ukiiacha kwenye 512 zinafika 11 na ushee, mkono unaanza kugombana na sikio. Lakini kompyuta jukwaani, harusini, karibu na meza ya keki na watoto wanaofukuzana, na umeme wa ukumbi unaocheza? Hapana. Na mwenye dramu za kawaida anayetaka tu kuongezea kofi na tumba, atazame SPD-SX ya Roland, ile bapa ya pedi tisa iliyotoka mwaka 2011. Zilizotumika zinapatikana mjini ukiwa na subira na mtu wa kukwambia ukweli.

La wapangaji: usidanganywe kwamba hizi ni dramu za kimya. Mama mwenye nyumba wangu hasikii snea, lakini kanyagio la kiki lilimfuata mpaka chumbani kwake kupitia sakafu. Ubao juu ya mipira ya tenisi iliyokatwa nusu, na godoro kuukuu chini yake, vimeturudishia salamu.

Nakili kila kitu kwenye kadi kila ukimaliza. Mimi nina kadi mbili, moja kwenye moduli na moja kwenye mkebe wa sukari.

Mzee, kabla sijaondoka siku ile, aliomba asikilize tumba la wazi mara moja zaidi, pigo moja, aliache mpaka life lenyewe. Akafumba macho. Sauti ikashuka, ikashuka, ikakaribia kwisha.

"Umemrekodi na jogoo wa mama Shabani," akasema.

Nikavaa hedifoni. Kweli, mwishoni kabisa, chini ya mkia wa ngozi, yumo. Naweza kumkata kwa dakika moja. Bado yumo, na ukumbini hasikiki.